Gari la Kambi Linapochemka: Fuata Maji

Hiace, Townace au Mazda Bongo kuukuu iliyong'olewa viti vya abiria ikatiwa kitanda, jiko na tangi la maji ni gari zuri la kuzungukia Pwani. Udhaifu wake mkubwa ni joto. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, imefunikwa kila upande, na hewa inayoifikia ni ile iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Mipira na mabomba ya maji ni marefu kuliko ya gari dogo, na magari mengi ya aina hii yana mabomba mengine ya chuma yanayopita chini ya sakafu hadi kwenye hita ya nyuma. Kila kiungo hapo kinaweza kuvuja, na kila kona inaweza kushika hewa. Ongeza uzito wa mbao, godoro na maji ya kunywa, kisha joto la kaskazi ambalo Januari hadi Machi hufikisha mchana wa Mombasa nyuzi 32 au 33, na utaona kwa nini kosa dogo ambalo gari jingine lingelivumilia hapa huua silinda hedi, kile kipande cha chuma kinachofunika silinda kwa juu.

Swali la kulishika tangu mwanzo hadi mwisho ni hili: maji yanakwenda wapi, na yakifika huko yanapoa? Hedi nyingi hupasuka kwa sababu mwenye gari alikuwa akiongeza lita moja kila asubuhi bila kuuliza iliyopotea jana ilikwenda wapi. Injini yenye afya hainywi maji. Ukiongeza, kuna tundu mahali.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa barabarani

Cha kufanya kinategemea kama maji bado yamo au yamekwisha toka.

Kama huoni mvuke, husikii harufu tamu ya kulanti (dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya kupozea injini) na mshale umepita katikati lakini haujafika kwenye nyekundu:

1. Zima AC mara moja.
2. Fungua hita, joto hadi mwisho na feni yake kasi ya juu kabisa, ya mbele na ya nyuma. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na hukupunguzia joto papo hapo.
3. Tafuta pa kuegesha salama, ikiwezekana kivulini na mdomo wa gari ukielekea upepo. Weka nyutro, vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta kidogo injini ikae kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Pampu na feni zitazunguka kwa kasi zaidi kuliko injini ikiwa imetulia.
4. Mshale ukishuka ndani ya dakika mbili au tatu, iache injini itulie dakika moja zaidi, kisha zima. Usipande tena barabarani kabla ya kujua sababu.

Kama kuna mvuke, maji yanamwagika chini, mshale umegota kwenye nyekundu, au hita inapuliza hewa baridi huku mshale uko juu, zima injini hapo hapo. Hiyo dalili ya mwisho watu wengi huipuuza nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Hita ikipuliza baridi maana yake maji hayaifikii, na yasipoifikia hita, huenda hata sensa ya mshale haiyagusi tena. Mshale unaweza kushuka ghafla ukadhani mambo yametengemaa, kumbe sensa imebaki kwenye mvuke.

Inua kiti kwa uangalifu ili joto litoke, ukikaa kando kwa sababu mvuke utakutafuta uso. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa dakika 30 hadi 45. Bana mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa mgumu bado kuna presha. Ukilegea, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe hadi kituo cha kwanza, ngoja sauti ya mvuke iishe, ndipo ukitoe.

Usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka ingali moto, si kwa ndani wala kwa nje. Chuma kilichotanuka kikipozwa upande mmoja hupasuka, na ufa hupita kati ya vali ambapo hauonekani mpaka hedi ifunguliwe. Ngoja ipoe hadi uweze kuweka kiganja juu ya hedi bila kukiondoa. Kama huna budi kuondoka mapema, washa injini, tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku inanguruma.

Isome dalili kabla ya kununua spea

Wakati gari linapochemka unakwambia zaidi ya mshale wenyewe.

Likichemka kwenye foleni ya feri ya Likoni au msongamano wa Kibarani na Changamwe, kisha likapoa ukishika barabara wazi, shida ni hewa: feni, klachi ya feni, kava ya feni, au uchafu mbele ya rejeta. Likitulia mjini lakini likapanda joto ukikwea kutoka Miritini kuelekea Mazeras, au Kombani kwenda Kwale, shida ni mtiririko wa maji au uwezo wa rejeta: rejeta imeziba ndani, thamostati (mlango mdogo wa maji unaofunguka kwa joto) inafunguka nusu, pampu imelika, au gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini) imeanza kuachia. Likichemka ndani ya dakika kumi tangu uliwashe asubuhi, maji ni pungufu au thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Na mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha injini baridi, presha hiyo si ya maji moto maana maji hayajapata moto. Ni gesi ya silinda inayoingia kwenye njia ya maji.

Ushauri wetu ni kununua kipimajoto cha kuelekeza, kile cha mwanga mwekundu. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na kuendelea zina mshale uliotengenezwa ukae katikati kwa masafa marefu ya joto, hivyo unapoanza kusogea umeshachelewa. Elekeza kipimajoto kwenye nyumba ya thamostati: nyuzi 82 hadi 95 ni kawaida, 105 ni onyo. Pitisha pia kwenye uso wa rejeta injini ikiwa moto. Joto linapaswa kushuka polepole kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Sehemu iliyo baridi ghafla katikati ni mirija iliyoziba.

Ukaguzi wa asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa

Fanya kwa mpangilio huu, kwa sababu unaanza na vitu vya bei ndogo vinavyosababisha matatizo mengi.

Kifuniko cha rejeta. Juu yake kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha kinayoishika, na presha ndiyo inayozuia maji kuchemka: kwa 0.9 maji matupu huchemka karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukiwa umekauka, umechanika au umeacha alama ya shimo, maji yatachemka kwa joto ambalo injini nzima ingelimudu. Kipindue uvute kidude kidogo cha katikati. Lazima kifunguke na kurudi chenyewe. Hicho ndicho kinachorudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Ukikuta asubuhi mpira wa juu umebonyea kama uliofyonzwa, au chupa ya akiba imejaa hadi mdomoni huku rejeta ni pungufu, kifuniko hicho kimekwisha. Nunua chenye namba ileile. Cha presha kubwa zaidi si bora: kitapasua mipira ya zamani na tangi la plastiki la rejeta.

Maji yenyewe. Yakiwa na rangi ya kutu, injini imekuwa ikipewa maji matupu. Utando wa mafuta juu, au utelezi kama malai, ni habari mbaya na tutaifikia. Ukiona chembe za rangi ya shaba au uchafu kama unga wa mbao, mtu ametia dawa ya kuziba mivujo, na huenda ndiyo iliyoziba pia mirija ya hita.

Vibati vya rejeta. Kwa gari la Pwani hapa ndipo pa kutumia muda. Hewa ya chumvi hula vibati vyembamba vilivyo kati ya mirija, hasa kwa gari linalolala karibu na ufuo wa Diani, Nyali au Kilifi. Piga magoti mbele ya gari na tochi, kisha sugua vibati vya chini kwa ncha ya kidole. Vikibaki imara, osha tu. Vikivunjika na kukuachia unga wa kijivu au wa kijani kidoleni, rejeta hiyo imekwisha hata kama haivuji tone. Mirija ina maji, lakini kilichokuwa kikiyanyang'anya joto hakijashikana nayo tena. Tumeona rejeta za namna hii zikisafishwa ndani mara kwa mara, pampu ikabadilishwa, thamostati ikabadilishwa, na gari likaendelea kuchemka, kwa sababu hakuna aliyeweka kidole pale.

Kuosha: tumia mpira wa bustani kwa presha ndogo, ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili wadudu na mchanga watoke walikoingilia. Mashine ya karwoshi hulaza vibati. Kati ya kondensa ya AC (rejeta ya gesi ya AC, iliyo mbele) na rejeta hujaa takataka usizoziona kwa mbele. Legeza kondensa bila kufungua mabomba yake ya gesi, uisogeze, uoshe katikati. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa na fundi, ikapitishwa waya kwenye mirija na kulehemiwa tena. Ile ya alumini yenye matangi ya plastiki haifanyiwi hivyo. Plastiki ikipasuka, badilisha.

Mipira na klipu. Bana kila mpira. Unaotoa sauti ya kukatika ndani umekauka, uliolainika na kuvimba umelowa oili. Mwombe mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 huku ukitazama mpira wa chini: ukinywea, spring'i yake ya ndani imekufa na pampu inajinyima maji yenyewe. Tambaa chini uangalie mabomba ya chuma ya hita ya nyuma kwa urefu wote. Chumvi huyala kwa juu, upande uliogusana na sakafu, mahali ambapo jicho halifiki, basi pitisha kidole.

Mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ushuke kama milimita 10. Uking'aa kama kioo unateleza. Ikiwa ni miwili, badilisha yote miwili pamoja, kwani mpya utabeba mzigo wote peke yake.

Pampu ya maji. Chini ya puli yake kuna kitundu kidogo. Kikiwa na michirizi mikavu ya rangi ya kulanti, sili ya pampu imeanza kuachia. Shika puli uitikise, isicheze hata kidogo. Injini iliyopewa maji ya chumvi kwa miaka huweza kuwa na pampu isiyovuja lakini mapanga yake yameliwa yakabaki vijiti. Hiyo utaijua ukiifungua tu. Kama pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, badilisha vyote kwa pamoja, kazi ya kufungua ni moja.

Feni. Hiace nyingi zina feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono: iwe na uzito kidogo. Ipeleke injini hadi ipate moto sawasawa, izime, hakikisha imesimama, kisha sukuma panga moja. Isizidi mzunguko mmoja kabla ya kusimama. Ikizunguka kama feni ya dari, au kukiwa na michirizi ya mafuta katikati ya klachi, ibadilishe. Kwa feni ya umeme, washa AC uone kama inaanza. Isipoanza, angalia fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme), kisha plagi ya sensa ya rejeta. Kwenye Toyota nyingi za zamani, ukichomoa plagi hiyo na swichi ikiwa imewashwa, feni hupaswa kuzunguka. Ikizunguka, feni na nyaya ni nzima na sensa ndiyo mbovu. Kumbuka kuweka mikono mbali, feni ya umeme hujiwasha bila taarifa.

Kava ya feni isikosekane. Gari nyingi za mitumba zimeshaipoteza kwenye gereji fulani, na bila kava feni inavuta hewa iliyo karibu nayo badala ya kuivuta kupitia rejeta yote.

Thamostati usiitupe

Pwani nzima utaambiwa: hapa kuna joto, toa thamostati, maji yatembee. Fundi anayekwambia hivyo mara nyingi ana nia njema, na gari huenda likatulia kwa wiki kadhaa, lakini ushauri ni mbaya kwa sababu mbili.

Kwanza, thamostati za Toyota nyingi zina kisahani cha pili chini. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka ndani ya injini tu kupitia njia ya mkato. Ikipata moto, thamostati inafungua njia ya rejeta na wakati huohuo kisahani kile kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji yaliyo moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Gari litatulia mjini, kisha litachemka mlimani, pale hasa ulipotaka msaada. Pili, ukiendesha usiku injini itakuwa baridi kupita kiasi, dizeli haitaungua vizuri na oili itachafuka mapema.

Badala ya kuitupa, ipime jikoni:

1. Soma namba iliyochongwa juu yake: 76, 82 au 88 ndizo za kawaida. Hilo ni joto la kuanza kufunguka.
2. Ifunge uzi, iningʼinize ndani ya sufuria ya maji baridi isiguse chini. Weka kipimajoto cha kupikia majini.
3. Pasha moto taratibu, ukikoroga. Ianze kufunguka karibu na namba yake, nyuzi mbili au tatu huku au kule si neno.
4. Endelea hadi nyuzi kama 95 kwa ile ya 82. Uwazi uwe angalau milimita 8. Pima kwa rula.
5. Itoe ipoe. Ijifunge yote bila kuacha mwanya.

Ikishindwa hatua yoyote, nunua mpya ya namba ileile iliyo kwenye kitabu cha gari. Unapoirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe juu kabisa, maana ndicho kinachotoa hewa wakati wa kujaza. Tia mpira mpya wa sili.

Maji gani, na kwa kiasi gani

Maji ya kisima ya Mombasa mengi yana chumvi, na injini huyajua upesi kuliko ulimi. Huacha magamba kwenye mirija, hula alumini ya hedi kuzunguka matundu ya maji na humaliza mapanga ya pampu. Tumia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, na asidi ikiingia kwenye rejeta umeua kila kitu. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora kuliko ya kisima.

Hata mahali pasipo na barafu kulanti inahitajika, kwa sababu hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kutu. Mchanganyiko wa kulanti asilimia 30 hadi 50 unatosha kwetu. Kuzidisha hakusaidii, kwa kuwa kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji. Usichanganye rangi na chapa usizozijua. Nyekundu ya Toyota na kijani ya dukani zinaweza kushindana hadi zikagandana kama uji. Ukiwa na shaka juu ya kilichomo, mwaga chote: fungua koki ya chini ya rejeta na boliti ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloku, hita zikiwa zimefunguliwa, kisha suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe. Pima kwa ndoo kilichotoka. Mfumo wa gari hizi mara nyingi ni kati ya lita 8 na 13, na kitabu kitakupa namba ya injini yako. Kama kitabu kinasema 12 na umerudisha 9, lita tatu ni hewa.

Kutoa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Rejeta iko mbele na chini, hita ya nyuma iko mbali, na hewa hujificha juu ya hedi.

Egesha kwenye mteremko mdomo ukiwa juu, au inua mbele kwa jeki na stendi, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko pote. Fungua hita zote mbili hadi mwisho. Weka faneli kubwa mdomoni mwa rejeta na umwage polepole, lita moja kwa dakika moja au mbili, ukiminya mpira wa juu kati ya mmiminiko na mmiminiko. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, iache wazi mpaka itoe maji bila mapovu.

Washa, acha injini itulie bila kifuniko. Kiwango kitashuka thamostati inapofunguka, ongeza. Kanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa sekunde kumi, achia, ongeza tena. Endelea hadi mapovu yaishe na hita ya nyuma ipulize moto sawa na ya mbele. Hiyo ya nyuma ndiyo ushahidi wako. Funga kifuniko, jaza chupa ya akiba hadi alama ya juu, zima, lala. Asubuhi tazama tena, na tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

Mapovu yasipoisha baada ya nusu saa, acha kulaumu ujazaji. Hiyo ni gesi.

Gasketi ya hedi au ufa

Townace zenye dizeli ya 3C-T na Mazda Bongo Friendee yenye dizeli ya lita 2.5 zinajulikana kwa hedi kupasuka zikishachemka, lakini injini yoyote hufika hapo ikipuuzwa. Dalili: maji yanapotea bila tone chini, moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, chupa ya akiba inayotoa mapovu unapokanyaga.

Usikubali hedi ifunguliwe kwa kukisia. Mwambie fundi: "Fundi, kwanza tupime presha, halafu tupime gesi." Pampu ya mkono hufungwa mahali pa kifuniko na kujazwa hadi namba iliyo kwenye kifuniko. Isishuke kwa dakika 10. Ikishuka bila mvujo wa nje, maji yanaingia ndani. Kipimo cha gesi ni dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma. Ikibadilika kuelekea njano au kijani, kuna gesi ya injini kwenye maji.

Hedi ikishafunguliwa, ipelekwe kwenye karakana ya mashine ikapimwe kwa presha ndani ya maji moto kabla ya kusawazishwa. Kusawazisha hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili. Ubapa wake upimwe kwa rula ya chuma na vipande vya kupimia mwanya, marefu, mapana na mishazari. Kwa dizeli, gasketi za Toyota huja kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, hivyo unene lazima upimwe, usinunue tu ile iliyopo dukani. Boliti zifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua na pembe za kitabu. Boliti zilizorefuka zisirudi.

Yai, manjano au dawa ya kuziba kwenye rejeta vitaziba hita na mirija kabla ya kuziba ufa. Viache.

Yaliyoletwa na kambi yenyewe

Waliogeuza gari kuwa kambi mara nyingi hutia sponji na kapeti kuzunguka kifuniko cha injini ili kuzuia kelele, wakaziba na njia za joto kutokea. Acha mianya ya nyuma ya boksi la injini wazi, na tumia kizuia joto chenye karatasi ya alumini tu. Taa kubwa, kibao na tairi la akiba vilivyofungwa mbele vinaiba hewa ya rejeta: viondoe, kisha ulinganishe joto kwenye mlima uleule. Hita ya nyuma kama imeng'olewa, mabomba yake yaunganishwe kwa mpira mzuri wa kipimo sahihi, nyingi ni milimita 16, na klipu mbili. Kuyapinda na kuyafunga kwa waya ni kuandaa mvujo. Tangi la lita 60 ni kilo 60: likipanda nawe Wundanyi huku limejaa, umebeba mtu mzima asiye na kazi. Jaza ukifika. Angalia pia breki zisizoachia, huchosha injini kimyakimya.

Kabla ya safari ndefu ya Voi, ambako barabara inakupeleka karibu mita 600 juu ya bahari, ondoka alfajiri. Mlimani shusha gia mapema, ya tatu kwa mizunguko mingi hupoza kuliko ya nne inayokoroma, kwa sababu pampu na feni hufuata mzunguko wa injini. AC izimwe mpaka uwe tambarare. Beba lita 10 za maji safi, lita 4 za kulanti, kifuniko cha akiba, mkanda, mpira wa juu na wa chini, klipu, fyuzi, utepe wa mpira unaojishika wenyewe, glovu na spana za 10, 12 na 14. Mpira ukitoboka, ukaushe na uusafishe, uzungushe utepe kwa kuuvuta sana, ukipita sentimita tano kila upande wa tundu, kisha acha kifuniko kwenye kituo cha kwanza ili presha isijae. Maji yatachemka mapema zaidi hivyo, nenda polepole hadi gereji ya karibu.

Na kama utafunga kifaa kimoja tu kipya, kiwe king'ora cha joto chenye sensa inayofungwa kwa boliti kwenye chuma cha hedi. Hicho husoma chuma chenyewe, kwa hiyo hulia hata maji yakiwa yamekwisha kutoka na mshale wa dashibodi umelala. Kiweke kilie kwenye nyuzi 10 juu ya joto la kawaida ulilolipima kwenye boliti hiyohiyo baada ya nusu saa ya mwendo, na ukijaribu kabla ya kila safari kwa kibonyezo chake.